Mataa yawekwe au yasiwekwe?

Najua wengine mmeanza kusema nimepotea. Sijapotea jamani, ni zamu za usiku tu zimenikamata.

Jumapili nilimpigia Shangazi nikamwambia kwamba Alhamisi jioni nilikuwa kwenye mkutano wa kudai mataa. Alicheka mpaka akakohoa. "Yaani mwanangu umevuka bahari kwenda Marekani kudai taa za barabarani? Si huko zimejaa kila kona?" Nilijaribu kumweleza, salio likaisha, nikamwambia basi nitaandika. Haya ndiyo maelezo Shangazi, chukua chai yako ukae, maana ni marefu.

Kwanza mahali penyewe. Ninapokaa ni kama nusu saa kwa gari kutoka Cleveland. Mbele ya fleti zetu inapita barabara kubwa ya njia nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi, na inakutana na barabara ndogo ya mtaani. Kwenye ile ndogo kuna kibao chekundu cha pembe nane kinachomwambia dereva asimame. Kwenye ile kubwa hakuna kitu, ni kupita tu. Mwendo ulioruhusiwa ni maili 35 kwa saa, yaani kama kilomita 56, lakini madereva mnawajua, ni wale wale dunia nzima. Upande wetu kuna fleti na kituo cha basi la kutoka mjini. Ng'ambo kuna duka kubwa la vyakula, duka la dawa na kituo cha basi la kwenda mjini. Kwa kifupi kila kitu mtu anachokihitaji kiko ng'ambo, na ng'ambo yenyewe ni mita kama 16. Mataa ya karibu yapo, ila kuyafuata na kurudi ni dakika 20 kwa mtu mwenye miguu mizima kama mimi. Wakati wa theluji msiniulize.

Kwenye fleti hizi tumo mchanganyiko. Kuna Wamarekani weusi na weupe, kuna Wanepali, na kuna familia nyingi za Wakongo waliokuja kama wakimbizi. Baadhi yao walikaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma zaidi ya miaka 15, kwa hiyo Kiswahili ndiyo lugha yetu ya kwenye ngazi na ya kwenye chumba cha kufulia nguo. Mmoja wao ni bibi mmoja wa Fizi, Kivu Kusini, ambaye sote tunamwita Koko, yaani Bibi. Si mgonjwa wangu, ni jirani yangu, na amenipa ruhusa nimwandike bila kumtaja jina. Nasema mapema kwa ajili ya wenzangu wa kazini watakaonikunjia uso.

Koko ana magoti mabovu na anatembelea fimbo. Siku moja nilimkuta kwenye kituo cha basi cha upande wetu, nikamwuliza anakwenda wapi, akasema dukani. Duka tulikuwa tunaliona hapo ng'ambo! Nikadhani sijamsikia vizuri. Kumbe mwenzangu ana mpango wake. Anapanda basi linalotoka mjini, analipanda mpaka mwisho wa njia, dereva anapumzika kidogo, basi linageuza, na likirudi ndipo anashuka ng'ambo mlangoni mwa duka. Kurudi ni hivyo hivyo, anakwenda nalo mjini kisha anapanda linalorudi. Dakika 50 kwenda, na kurudi zaidi ya hapo. Yote hiyo asivuke mita 16.

Aliniambia kwa Kiswahili chake kitamu: "Naiogopaka ile barabara, mwanangu. Gari ziko mingi, na miguu haina tena nguvu."

Wengine mtasema ni woga wa uzee. Ngojeni niwapigie hesabu. Sisi wauguzi huwa tunapima mwendo wa wazee, ni kipimo rahisi na kinaeleza mengi. Mzee anayetembea chini ya mita 0.8 kwa sekunde huhesabiwa kuwa mwendo wake umepungua. Koko, nilivyomtazama, anakwenda kama nusu mita kwa sekunde. Kwa hiyo barabara ya mita 16 anaivuka kwa sekunde 32. Gari linalokwenda kilomita 56 kwa saa, katika sekunde hizo 32, linatembea karibu nusu kilomita. Maana yake, wakati Koko anaweka mguu wa kwanza barabarani, gari litakalomkuta katikati bado liko kule mbali baada ya kona, hata mimi mwenye macho mazima silioni. Anatazama kushoto, anatazama kulia, barabara nyeupe, anaingia, na akifika njia ya tatu gari hilo hapo. Huo si woga. Amepiga hesabu yake bila kalamu, na imetoka sawasawa.

Mwaka juzi wapangaji waliandika barua wakakusanya saini kuomba mataa. Nami niliweka saini. Jibu la mji lilikuja baada ya miezi kadhaa: makutano yamechunguzwa na hayajafikia vigezo. Watu walikasirika sana, wakasema ni kwa sababu tunakaa maskini hapa. Inawezekana, sikatai. Lakini mimi nina tabia moja ambayo Baba anaijua, nikiambiwa "hujafikia vigezo" nataka nivione hivyo vigezo.

Basi bwana, kumbe kuna kitabu! Serikali ya Marekani ina mwongozo wa nchi nzima wa alama na taa za barabarani, toleo la 11 lilitoka Desemba 2023, na majimbo yanaufuata au yanatengeneza wa kwao unaolingana nao. Ndani yake kuna vigezo 9 vya kuamua kama makutano yanastahili mataa. Kimoja ni cha wingi wa magari: kwa barabara kama yetu, kubwa ipitishe magari 600 kwa saa ukijumlisha pande zote mbili, na ndogo ilete magari 150 kwa saa kutoka upande wake wenye magari mengi, na iwe hivyo kwa saa 8 za siku. Kingine ni cha wanafunzi wanaovuka kwenda shule. Kingine cha reli iliyo karibu. Kingine ni cha ajali, na hicho kwa miaka mingi kilisema ajali 5 au zaidi ndani ya miezi 12, tena ziwe za aina ambayo mataa yangeweza kuizuia, na iwe njia nyingine zimejaribiwa zikashindwa. Toleo jipya limepanga upya hesabu za ajali, lakini wazo ni lile lile, lazima kwanza watu wagongane.

Halafu kuna kigezo cha waenda kwa miguu, ndicho kilichonifanya nikae usiku mzima kwenye kompyuta. Kwa barabara za mwendo kama wetu, hata magari yakiwa mengi kiasi gani, wanaovuka lazima wasipungue 107 kwa saa, kwa saa 4 za siku. Watu 107! Hiyo kwetu ni daladala tatu zilizojaza zimeshusha wote mahali pamoja.

Kabla hamjaanza kuwatukana Wamarekani, niwaambie upande wa pili, maana nao una nguvu. Mataa si kitu cha kuweka tu. Kwanza bei. Mataa ya makutano mamoja hugharimu kati ya dola 250,000 na 500,000, na baada ya hapo kuna umeme na mafundi kila mwaka. Pili, mataa yana madhara yake kama dawa yoyote. Yanapunguza zile ajali mbaya za gari kuingia jingine ubavuni, hiyo kweli, lakini yanaongeza za kugongwa nyuma, kwa sababu wa mbele amefunga breki kwenye njano na wa nyuma alikuwa amepania kuwahi. Na wapo wasiojali nyekundu kabisa, mwaka 2022 pekee waliouawa katika ajali za namna hiyo Marekani ni zaidi ya 1,000. Kule Philadelphia waliwahi kuyaondoa mataa kwenye makutano madogo ya barabara za upande mmoja, wakaweka vibao vya kusimama pande zote. Watafiti waliangalia makutano 199 ya aina hiyo, na matokeo yaliyotoka 1997 yalionyesha ajali zilipungua kwa asilimia 24. Zilipungua baada ya mataa kuondolewa!

Mwongozo wenyewe unasema wazi kwamba hata makutano yakifikia kigezo, hiyo peke yake hailazimishi mataa yawekwe. Mtu wa kazi yangu hilo analielewa. Si kila anayekuja na homa anapewa sindano, hata akilia. Kitanda cha chumba cha wagonjwa mahututi ukimpa asiyekihitaji, anayekuja saa mbili baadaye anakufa kwenye korido. Pesa za mataa yetu ni pesa ambazo hazitakwenda mbele ya shule fulani. Kwa hiyo mimi mhandisi anayekataa simwoni adui moja kwa moja. Namwona kama muuguzi wa mapokezi anayepanga nani aingie kwanza. Swali langu kwake ni moja tu, anapimaje?

Hapo ndipo ninapoanza kugombana.

Nitawapa mfano wa nyumbani. Chukua kijiji chenye zahanati ya kulipia. Kaa mlangoni na daftari uhesabu wanaokuja. Utaandika wagonjwa wanne kwa siku, urudi wilayani useme kijiji kina afya njema, dawa zisipelekwe nyingi. Wagonjwa wako wapi? Wako ndani wamelala, hawana pesa ya kuja. Sasa ukisimama kwenye makutano yetu ukahesabu wanaovuka, Koko ni sifuri. Yumo ndani ya basi anazunguka mji. Mama wa ghorofa ya pili mwenye mapacha ni sifuri, anasubiri mumewe arudi na gari usiku. Na si waenda kwa miguu tu. Madereva wa mtaani kwetu wenyewe wameacha kutokea pale, kwa sababu kukata kushoto kuingia barabara kubwa ni kujiombea kifo, wanazunguka nyuma. Kwa hiyo hata yale magari 150 ya barabara ndogo hayafiki. Kadiri mahali panapotisha, ndivyo hesabu inavyopungua, na hesabu ikipungua mji unasema hapana shida.

Nchi hii waliokufa wakitembea kwa miguu mwaka 2009 walikuwa kama 4,100. Mwaka 2022 walizidi 7,500. Huwezi kusema ni bahati mbaya.

Sasa msinielewe vibaya, wala sisemi kwetu tunafanya vizuri zaidi. Kwetu hakuna anayehesabu. Kwetu mtoto anagongwa, wananchi wanatoa mawe na magogo, barabara inafungwa, mkuu wa wilaya anakuja na polisi, anaahidi matuta, na matuta yanakuja. Nimeliona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Huku ajali 5, kule jeneza moja na magogo. Mnakumbuka mataa ya Ubungo kabla ya daraja? Taa inawaka kijani, trafiki kasimama katikati kanyoosha mkono mmesimama dakika 15, na taa inaendelea kubadilika peke yake kama redio iliyosahauliwa chumbani. Ikabidi wajenge barabara za juu, TAZARA ikafunguliwa 2018, Ubungo 2021. Lakini mwenda kwa miguu wa Ubungo hakuwahi kuwa na shida ya foleni, shida yake ilikuwa kuvuka. Wadau mlioko Dar niambieni mnavukaje siku hizi, sijaja tangu nilipomzika Bibi.

Tukirudi huku. Kuna jambo lilinifurahisha nilipokuwa nasoma, na ni la hapa hapa jirani. Mataa ya umeme ya mwanzo mwanzo kabisa yaliwekwa Cleveland, tarehe 5 Agosti 1914, kwenye makutano ya Euclid Avenue na East 105th Street. Yalikuwa na nyekundu na kijani tu, njano haikuwepo, na polisi alikaa kwenye kibanda kando ya barabara akiyawasha kwa mkono. Halafu miaka michache baadaye mtu mweusi wa huko huko Cleveland, Garrett Morgan, ambaye alikuwa pia fundi wa cherehani na aliyetengeneza kifaa cha kujikinga na moshi, alipata hati ya ubunifu wake Novemba 1923. Chake kilikuwa mlingoti wenye mikono, unazungushwa kwa mpini, na kilikuwa na hali ya tatu, pande zote zinasimama kwa pamoja, watu wapate kuvuka. Yaani mtu huyu miaka 100 iliyopita alishamfikiria Koko. Nilimsimulia Koko mwenyewe, akauliza kama huyo baba bado yuko hai twende kumwona.

Haya, mkutano. Ulikuwa kwenye ukumbi wa maktaba, saa 12 jioni, viti vya kukunja, kahawa ya maji maji. Niliombwa nitafsiri kwa ajili ya Wakongo, wakaja kama 20. Kutafsiri kuna mambo yake. Nikisema "trafiki" wananitazama, mpaka mmoja anasema "aaa, roulage!" Kuna kaka mmoja aliishi Kinshasa akaanza kutusimulia habari za roboti kubwa za bati zilizosimamishwa barabarani kule tangu 2013, zinageuka na kunyoosha mikono kuongoza magari, zilizobuniwa na mhandisi mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi. Wamarekani hawakuamini, ikabidi awaonyeshe video kwenye simu. Mkutano ulisimama dakika tano nzima kwa ajili ya roboti za Kinshasa, na nadhani ndizo dakika tano watu wote walipopendana.

Baada ya hapo walianza kutofautiana. Mwenye duka la matairi pale kona alitaka mataa kamili, leo kabla ya kesho. Mama mmoja mwenye nyumba kwenye barabara ndogo alipinga, akasema mkiweka mataa kila dereva anayekimbia foleni atapitia mbele ya nyumba yangu, kwa sababu atajua akifika mwisho ataruhusiwa. Na hilo ni kweli jamani, mataa huvuta magari. Baba mwingine akataka mzunguko, vile tunavyoviita kipilefti, ingawa huku magari yanakwenda kulia kwa hiyo sijui mngeviitaje. Alitoa mfano wa Carmel, mji ulioko Indiana, wenye vipilefti zaidi ya 150, na ni kweli vimepunguza sana ajali mbaya. Lakini mahali petu ni pembamba, mngebidi mbomoe duka la matairi, na mwenyewe alikuwa amekaa hapo anasikiliza.

Mhandisi wa mji alikuwa kijana wa umri wangu, mpole, ana karatasi zake. Alieleza kitu ambacho wengi hawakukijua. Mkipata mataa kamili, alisema, msidhani mtu wa miguu atakuwa salama. Akipata ruhusa ya kuvuka, gari linalokata kushoto nalo mara nyingi linakuwa limepewa kijani wakati huo huo. Na huku dereva anaruhusiwa kukata kulia hata kwenye nyekundu, akishasimama kwanza. Sheria hiyo ilienea nchi nzima baada ya shida ya mafuta ya 1973, serikali kuu mwaka 1975 ikaifanya sharti kwa majimbo yanayotaka misaada ya kuokoa nishati. Basi dereva anayekata kulia anatazama kushoto tu, magari yanakotoka, na Koko anatokea kulia.

Alichopendekeza ni kitu kingine. Kujenga kisiwa katikati ya barabara, mtu avuke nusu, apumzike, avuke nusu nyingine. Na juu yake kuweka taa ya kivuko peke yake, si mataa ya makutano. Hiyo hukaa imezima muda wote. Mtu akibonyeza kitufe inawaka njano, kisha nyekundu, magari yanasimama, anavuka, inazima tena. Ilianzia Tucson, Arizona. Na hapa sikilizeni vizuri: kwenye mwongozo ule ule, taa ya namna hii inaweza kufikiriwa kuanzia watu 20 kwa saa. Si 107. Ishirini!

Mimi niko upande wake katika hilo, na najua baadhi ya majirani wamenuna. Mataa kamili yangekuwa heshima kwa mtaa, yangeonekana kwa mbali, diwani angekuja kukata utepe. Lakini ukiniuliza kama mtu ninayepokea waliogongwa saa nane za usiku, nitachukua kisiwa na kitufe. Kisiwa kinamkata Koko safari yake mara mbili: mita kama nane, sekunde 16, gari analoliona kweli.

Niliposimama sikuzungumzia mataa wala kisiwa. Nilimwuliza mhandisi, kwa heshima, walihesabu siku gani. Akatazama karatasi, Jumanne moja ya Novemba. Nikamwuliza kama kuna mtu alihesabu wanaopanda basi upande wetu na kushuka ng'ambo. Akanyamaza, akasema hapana, hilo hawakuwahi kulifikiria. Nikamkumbusha kwamba mwongozo wake unaruhusu kile kiwango cha watu 107 kipunguzwe hadi nusu pale ambapo wavukaji wa polepole wanakwenda chini ya futi 3.5 kwa sekunde, ambayo ni kama mita 1.07. Je, walipima mwendo? Hawakupima. Akaandika. Nilimpenda kwa kuandika, wengine wangeanza kujitetea.

Kisha Koko akanyoosha fimbo, akataka kusema. Nilikuwa nimemtafsiria habari za vigezo, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Huyu mwenye alipima hiki kigezo, yeye anavukaka pale?" Ukumbi ulicheka, na mhandisi naye, akajibu kwa ukweli kwamba hapana, yeye anakaa mji mwingine. Koko akasema tena, polepole, na mimi nikitafsiri kwa shida maana koo lilikuwa limenikaba: "Mutuhesabu na siye wenye tunabakiaka ku nyumba."

Sijui kama nililitafsiri kama lilivyostahili. Nilisema mtuhesabu na sisi tunaobaki nyumbani. Ile "siye" yake ilipotelea njiani.

Hakuna kilichoamuliwa usiku ule. Wameahidi kuhesabu upya majira ya kuchipua, theluji ikishaisha, siku mbili badala ya moja, na kupima mwendo wa wanaovuka. Kampuni ya basi itaombwa orodha ya wanaoshuka. Baada ya hapo suala litakwenda kwa madiwani pamoja na bei yake, na hapo sijui, madiwani ni madiwani. Nitawaandikia.

Kwa sasa mimi na majirani wawili tumepangiana zamu ya kumvusha Koko Jumamosi. Mmoja anamshika mkono, mwingine anatangulia kidogo na koti la njano la kung'aa, lile la mafundi wa barabara, dola 8 tu dukani. Amelipenda koti mwenyewe, anataka lake.

Ana mpango mwingine pia. Siku za kuhesabu atashuka na wazee wote wa jengo letu, na wa jengo la pili, wavuke kwenda na kurudi tangu asubuhi mpaka mwenye kuhesabu achoke. Nimemwambia watu wale si wajinga, watagundua. Akaniuliza, watagundua nini mwanangu, si tutakuwa tunavuka kweli?

Shangazi, nimemaliza. Msalimie Mjomba, na mwambie Neema zile picha za ubarikio sijaziona.